Hema Nyuma ya Kiwanda cha Mbao

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na mama umfikishie zake. Mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yako. Na safari hii hilo la wasiwasi siliandiki kwa mazoea. Usishangae bahasha kuwa nene. Ukisoma mpaka chini utaelewa.

Unajua nimeitamani safari hii tangu nilipoanza kuwapelekea wateja mapazia kwa pikipiki. Siku nne barabarani, kulala kwenye hema, bila kusikia cherehani. Lakini tangu mama aanguke kwenye ngazi za mlangoni miaka miwili iliyopita, nani angemwangalia? Ndipo ukarudi wewe kutoka huko mjini unakotengeneza lifti za maghorofa, miaka tisa hujaonekana, ukasema nenda dada, mama niachie mimi. Siku ya kwanza nilifurahi. Ya pili machale yakanicheza.

Maana wema wako ulizidi. Ulibadilisha oili, ukakaza mnyororo, ukapima upepo wa matairi, ukaniazima hema lako. Wewe, ambaye utotoni hukuniazima hata kifutio! Siku nitakayorudi uliniuliza mara tatu. Kisha nikakukuta unapima mlango wa chumba cha mama kwa futi yangu ya kushonea. Uliponiona ukaitia mfukoni, ukasema unaangalia kama mchwa wameingia. Si bure uliniita Mkaguzi tangu tukiwa wadogo. Nilitega sikio, na kesho yake nikakusikia jikoni ukimwambia mtu kwenye simu aje Jumamosi saa tano, dada atakuwa ameshaondoka. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako: huyu anataka kuuza nyumba ya mama.

Basi nami nikafanya yangu. Niliitoa hati ya nyumba kabatini, nikaifunga kwenye nailoni, nikaipenyeza katikati ya hema lililokunjwa. Leo asubuhi ukanipungia mkono getini, nami nikakupungia, moyoni nakuita mwizi.

Sikwenda mbali. Nilikata kona nyuma ya kiwanda cha mbao, na mlinzi akanionyesha pa kusimamisha hema. Lilinichukua saa nzima. Liliponiangukia nikiwa ndani, napapasa natafuta mlango, yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Saa tano nikarudi kwa miguu, nikajibanza nyuma ya ua wa jirani.

Niliyemwona ni seremala, anapigilia ubao mpana juu ya zile ngazi. Halafu ukatoka wewe kinyumenyume, unashusha kiti cha magurudumu polepole, na mama amekaa ndani yake amevaa kofia yako. Mlipofika chini alikuomba umvue viatu. Akakanyaga nyasi, akacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu aanguke.

Nililia, mdogo wangu, na mwanzoni yalikuwa machozi ya hasira. Nilijua kwa nini mlingoja niondoke. Mama ameniomba nimtoe nje mara nyingi, na kila mara nimemwambia jua litamtia kizunguzungu, asubiri apate nguvu. Wewe ungeniambia habari za kiti ningekataa, na ungeshindwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku aliyoanguka, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Simu ya mteja ikaita, nikamwachia ili nipokee. Watu wote niliwaambia aliteleza, na mama hakunikanusha hata mara moja. Tangu hapo nikamweka ndani, nikawa naita huko kumtunza.

Barua hii anakuletea mlinzi wa kiwanda. Hati ndiyo hiyo, irudishe kabatini, na unisamehe. Ubao usiuondoe nikirudi.

Nisalimie seremala, mwambie kazi yake nimeiona. Mama mbusu kwa niaba yangu. Akiuliza nimefika wapi, usimdanganye: niko nyuma ya kiwanda cha mbao, na ndiyo kwanza naondoka.

Ni mimi dada yako,
Mkaguzi (mstaafu)