Simsim ya Kupeleka Mombasa

Nyanya, shikamoo. Hapa Busia, upande wa Uganda, jua linachoma na malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka. Katika safari yetu tumebakiwa na siku za miji miwili tu ya kale ya pwani, na rafiki yangu Rehema nami tunabishana tangu Tororo. Mimi nilitaka Lamu na Bagamoyo. Mombasa niliitupa, nikasema naijua.

Mama aliyetupakulia ugali wa wimbi alikuwa akitusikiliza.

"Lamu nani nangoja nyinyi?"

"Hakuna mtu."

"Bagamoyo?"

"Hakuna, mama. Tunaenda kuona majumba."

"Pole, mwanangu. Sasa nani nasema karibu? Na Mombasa?"

"Yuko nyanya yangu."

Akaingia jikoni, akatoka na simsim ya kukaanga, ule ufuta wetu, ndani ya kitambaa. Kwao huendi kwa mzee mikono mitupu. "Hii ya nyanya. Sema natoka kwetu Paya."

Simsim imeshapata mwenyewe, nitaipelekaje Lamu?

Mungu akutunze, Nyanya, na magoti yapoe. Tunaanza na Mombasa, kisha Lamu; Bagamoyo itasubiri, imezoea. Wewe teleka chai.

Mjukuu wako, Saumu