Nilimficha Baba Mkwe Kiberiti, Sasa Anafunga Begi

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo jikoni, naomba unisaidie na kama inawezekana unijibu mapema, maana mwisho wa mwezi wifi yangu anakuja kumchukua baba mkwe na mimi sitaki aende, na kila nikianza kumweleza mume wangu ananiambia nimechoka tu, nilale.

Mimi napiga pasi kwenye kampuni inayofua mashuka ya hoteli, nasimama kutwa nzima mbele ya mvuke, na jioni nikitoka hapo nageuka mtu wa kukimbia, nakimbilia sokoni kabla wauza mboga hawajafunika meza zao, nakimbilia nyumbani, nafika viatu bado viko miguuni nimeshashika kisu. Mume wangu ni dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Tuna binti mmoja yuko darasa la kwanza, tunamwita Redio kwa sababu tangu aanze kusema hajazimwa.

Baba mkwe alihamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Alikuwa fundi rangi, ana mikono mikubwa na sauti ndogo, na kabla hujaanza kunigombeza nataka ujue kwamba nampenda. Mimi sikulelewa na baba, Shangazi, na huyu ndiye mwanaume wa kwanza kuniita mwanangu, na siku ya kwanza aliponiita hivyo niligeuka nyuma kuangalia anamwita nani. Ndiyo maana nilijiapiza kwamba kwangu hatagusa kazi, akishika ufagio namnyang'anya kwa heshima, akitaka kuosha kikombe alichonywea namwambia Baba kaa, umeshafanya kazi za kutosha, na chakula chake cha jioni sitaki kiwe kiporo wala mayai kama mtu wa bwenini, kwa hiyo kila siku naanza upya, wali, mchuzi, na mboga mbili, hata siku ambayo vidole vyangu havikunjiki, na ukweli ni kwamba kikiiva Redio huwa ameshalala kwenye kochi na yeye Baba amekaa tu, anangoja.

Sasa ikaanza tabia moja. Kila nikifika nakuta sufuria kubwa ya maji iko jikoni kwenye moto mdogo, imefunikwa, maji yanakaribia kuchemka, na Baba amekaa kwenye kigoda pale mlangoni kama hana habari, na nikimuuliza maji ni ya nini anasema ni ya chochote tu, mwanangu. Mimi nilikuwa nayatumia kupikia wali lakini moyoni yalikuwa yananichoma, nilihisi ananiambia kwa adabu kwamba ni mke gani huyu anayeinjika sufuria giza likishaingia, maana wifi ameshaniambia mara nyingi kwamba enzi za mama yao watu walikula jua likiwa bado lipo. Siku nyingine nilijisemea labda ni uzee, anawasha jiko halafu hajui aliwasha la nini.

Basi kuna siku mashine iliharibika kazini na mashuka yalikuwa yanangojewa, tukabakishwa, simu yangu nayo ikaisha chaji. Nilipofika niliona mtu amesimama nje ya geti, kumbe ni Baba, amevaa kandambili zisizofanana, moja yake na moja ya mume wangu, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akashika geti, akasema tu, "Umefika." Sijamjibu nikasikia harufu. Nilikimbia ndani, jikoni kumejaa moshi, sufuria imekauka na kuwa nyeusi, na Redio yuko chumbani anachora maua hana habari. Shangazi, nilizima jiko. Nikatoka na ile sufuria mkononi nikamwambia, "Baba, ungetuchomea mtoto."

Akasema, "Ni kweli."

Tangu siku hiyo nikitoka asubuhi nafunga mtungi wa gesi na kiberiti nakificha kabatini chini ya nguo zangu, na namwachia Baba chupa ya chai na mkate ili asipate shida, lakini jioni nakuta chupa imejaa vilevile. Chakula changu cha mboga mbili anakula vijiko viwili vitatu anasema nimeshiba mwanangu, anaingia chumbani kwake. Wifi alikuja kutusalimia akamwona alivyokonda, akaniuliza mbele ya mtoto kama humu ndani baba yake huwa analishwa. Ningemjibu, lakini Baba mwenyewe ndiye aliyesema kwamba ataondoka naye mwisho wa mwezi, asimchoshe mkwe wake. Begi lake liko chini ya kitanda, nimechungulia, mashati ameyakunja vizuri kuliko mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo. Redio analia, anauliza sasa jioni atasikiliza geti na nani, maneno ya kitoto, hata sijui ana maana gani.

Nifanye nini? Niache kazi ili niwe napika mapema? Nimtafute msichana wa kupika? Niambie ukweli hata kama unauma, mimi nataka tu ale ashibe na abaki.

Ni mimi, Mpiga Pasi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mpiga Pasi. Kwanza shuka kwenye hiyo ndoo, tafuta kiti cha watu, na uvue viatu, maana nimeona huwa unasahau. Umetaka ukweli. Nitakupa, na sitaufunga kwenye karatasi ya maua.

Kazi usiache. Msichana wa kupika usimtafute, atakuwa mtu wa pili wa kumnyang'anya mzee wa watu kikombe.

Barua yako nimeisoma, nikainywea chai, nikairudia, na kila kitu unachoniuliza umeshakiandika humo humo, ila ulikuwa unakimbia. Hebu tulia uniambie: tangu lini mtu aliyesahau sufuria akachukua kigoda akakaa nayo? Tangu lini aliyesahau akaifunika na kupunguza moto? Maji yalikuwa yanakaribia kuchemka kila unapoingia, kila siku, na wewe ukaona ni uzee. Mwanangu, yalikuwa yanakungoja. Redio amekwambia kwa mdomo wake na ukamwita mtoto: jioni yeye na babu yake huwa wanasikiliza geti. Yule mzee pengine hajui kupika hata yai, lakini aliona mkwe wake anaingia amechoka, anasimama tena na viatu vyake kungoja maji yachemke, akatafuta kitu kimoja anachokiweza cha kukupunguzia. Ni ya chochote tu, alikwambia. Ulitaka aseme nini zaidi, na mikono umemfunga?

Tuje kwenye siku ya moshi. Umechelewa, simu haipatikani, giza linaingia, na ndani yumo mtu ambaye ameshamzika mke wake. Umeziona zile kandambili kwa macho yako. Mtu anayetoka kupunga upepo huvaa za kwake zote mbili. Huyu alitoka mbio. Sufuria aliisahau, ndiyo, sibishi, kwa sababu akili yake yote ilikuwa barabarani inakutafuta wewe. Ulipotokea alikuangalia kuanzia juu mpaka chini ili ajue kama umerudi mzima.

Kisha ukamwambia maneno yale. Sikulaumu sana. Ningekuwa mimi ningesema zaidi, mdomo wangu naujua. Na moto ni moto, usije ukatangaza kwamba Shangazi amesema mtoto aachwe na jiko linalowaka. Anayetoka jikoni anazima, hata geti ligongwe na nani. Mwambie hivyo wazi, ni fundi, kazi zina masharti na anajua. Na wewe ukibakishwa kazini azima simu ya mwenzako upige nyumbani. Hamkosi mtu mwenye chaji kwenye kampuni nzima.

Ila kinachomkondesha baba yako si upishi wako. Umemnyang'anya ufagio, ukamnyang'anya kikombe, mwisho ukamnyang'anya kiberiti, yote kwa heshima, na nyumba nzima akabakiwa na kazi moja tu ya kufanya, kukunja mashati. Ulitaka apumzike na amepumzika mpaka amechoka. Ndiyo, nakugombeza, lakini nakugombeza nikiwa nimekushika mkono, kwa sababu mtu aliyegeuka nyuma kuangalia nani anaitwa mwanangu hawezi kuwa mkwe mbaya. Ulimpenda sana ukampenda vibaya kidogo. Inarekebishika.

Sasa jikoni. Huo mchezo wa kuanza upya kila jioni ukome. Jumapili chemsha maharage sufuria nzima, gawa kwenye makopo, weka kwenye friji, na yakipashwa Jumanne yakatiwa kitunguu na nyanya mbichi, mtu akiyaita kiporo mwache alale njaa. Mboga moja inatosha katikati ya wiki. Mayai si tusi, siku moja ya wiki iwe ya mayai na wote mfurahi. Asubuhi kabla hujatoka acha mezani vitunguu, karoti na mboga, na kisu chenye makali, maana hakuna dharau kama kumpa fundi kisu butu. Baba akate, Redio achambue mchele na asimulie habari zake, jioni yao itakuwa imejaa.

Jumapili hiyo hiyo simama naye jikoni umwonyeshe kupika wali. Ndiyo, wewe na mkwe wako, jiko moja, heshima haitatoka dirishani. Huyo amechanganya rangi maisha yake yote, hawezi kushindwa kupima maji ya wali. Wa kwanza utashika chini, kuleni na msiseme kitu. Baada ya hapo, ukiingia unakuta wali uko tayari, mboga zimekatwa, unakaanga, mnakula, na mtoto analala kitandani kwake kama watoto wa wenzako. Angalia vizuri lakini. Kama mimi nimekosea na kweli anasahausahau, mkipika bega kwa bega utaona mwenyewe, na hapo mtampeleka kwa daktari. Sidhani kama nimekosea.

Usimwendee na hotuba. Leo jioni fungua hilo kabati, toa kiberiti, mpe kwa mikono miwili, umwambie hivi: "Baba, nisamehe kwa maneno ya siku ile. Kesho nitarudi nimechoka. Naomba uniwekee maji." Kisha unyamaze. Akikaa kimya usimjazie maneno, mwache akigeuze kile kiberiti mkononi anavyotaka. Kama atasema amekwisha kuahidiana na binti yake, mwambie bila aibu kwamba unataka abaki, na umwambie sababu uliyoniambia mimi, ile ya kugeuka nyuma. Mimi umenieleza vizuri na wala hunijui. Yeye hujawahi kumwambia.

Na wifi yako usimnunie. Ana uchungu wa baba yake, na mama yake hayupo tena wa kumuuliza amekula nini. Siku atakayokuja mpokee, mpe kile kigoda cha mlangoni, mwache aangalie. Akute baba yake ameinama mezani na kisu, machozi yanamtiririka, na akishtuka kuuliza kuna nini, aambiwe na Redio kwamba ni kitunguu tu.