Mlio Wako Kwenye Kona ya Kanisani

Baba,

Shikamoo. Huku Nkoaranga mvua zimerudi, na njia ya kwetu inateleza vilevile kama ulivyoiacha. Mama mzima. Mimi pia mzima, ila kucha zangu zina grisi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa, na juzi darasa la nne walizicheka nikiandika ubaoni. Nimefufua pikipiki yako, Baba. Kaa vizuri nikusimulie, maana najua utanicheka wewe kwanza.

Tangu tukuzike pale kando ya kahawa, pikipiki ilibaki kwenye banda la ng'ombe. Kuku mweupe aligeuza siti yake kuwa kiota akaangua vifaranga humo. Mama hakutaka iguswe wala iuzwe. Alipita pale na ndoo ya maziwa bila kugeuza shingo. Lakini kilichoniuma zaidi ni chai. Unakumbuka? Kila jioni ulipofika kona ya kanisani ukabadili gia, mlio ulitufikia jikoni, na Mama akasema, "Baba yenu huyo," akabandika sufuria. Ukiingia uani maji yanachemka. Naye hakukosa kukuambia, "Umechelewa," hata siku ulizowahi. Tangu uondoke hajabandika chai ya jioni hata mara moja. Anasema hana kiu.

Nilitaka mlio ule tu. Nilitaka Mama ausikie akabandike chai, na nilitaka niusikie mwenyewe, maana nimekukumbuka mpaka mwili unauma.

Basi nikaanza bila kujua chochote. Wewe hukunifundisha. Uliniambia, "Shika tambara tu, utachafua gauni," na elimu yangu ikaishia kwenye tambara. Likizo ya Juni nikafungua kila kilichofunguka. Nati zote, kubwa na ndogo, nikazitia kwenye beseni moja nikijisifu kwa utaratibu wangu. Siku ya kuzirudisha nilikaa chini mbele ya beseni lile nikalia. Kabureta niliifungua mara tano. Na siku niliyopiga kiki kwa mara ya kwanza, ilirudi kwa nguvu ikanigonga muundi, nikatamka neno ambalo mwalimu hapaswi kulitamka. Mama alikuwa pale pale akimkatia ng'ombe majani. Akajifanya hajasikia.

Na waya! Baba, wewe ulikuwa bwana mifugo, ng'ombe walikupa heshima zote, lakini pikipiki uliitibu kwa waya. Breki waya, taa waya, pedeli waya. Ekzosi ilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, nawe ukalifunika kwa kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, ukakizungushia waya. Niliona aibu kwa niaba yako. Nikaipakia pikipiki kwenye pikapu, bado haijawaka, nikaipeleka Lemara kwa fundi Zakaria, akatupa ile ekzosi nyuma ya gereji akanifungia mpya, na hapo ndipo ikawaka kwa mara ya kwanza.

Ijumaa ile nilipanda nayo mlima nikiwa nimeng'ang'ania usukani. Nikafika kona ya kanisani, nikabadili gia kama wewe. Pikipiki ikanguruma taratibu, kistaarabu kabisa. Nilipoingia uani Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Nani mwenzetu?"

Hakuujua mlio. Hata mimi sikuujua, nilijidanganya tu njia nzima. Sauti yako ilikuwa inatokea kwenye lile tundu, Baba, na mimi nililiacha Lemara. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi kulikuwa na wageni wa kupikia.

Kesho yake nikarudi kwa fundi. Ekzosi yako ilikuwa bado kwenye rundo la vyuma, na kopo lake, na waya wake. Fundi Zakaria akanitazama akasema, "Dada, watu wanakuja hapa kuondoa kelele. Wewe unataka kuirudisha?" Nikamwambia ndiyo, na waya asiukaze sana.

Nikiwa njiani kupanda, mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi alitoka mbio mpaka barabarani, ameinua mkono kunisimamisha. Aliponiona ni mimi aliushusha taratibu. Labda ng'ombe wake alikuwa anaumwa. Nilitamani sana ungekuwa wewe, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Nilipofika uani Mama alikuwa amesimama, hana kitu mkononi. Sijui kama alisema "Baba yenu huyo." Kelele yako ilikuwa kubwa mno. Hakunitazama. Alikuja akaweka kiganja juu ya tangi, akasema, "Umechelewa." Nikataka kuzima, akanishika mkono nisizime. Tukasimama hivyo na moshi wako unatuingia machoni. Nyuma yake, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na sufuria ilikuwa motoni.

Pumzika, Baba. Sijawa fundi, na kuna nati mbili zimebaki kwenye beseni ambazo mpaka leo sijui ni za wapi. Lakini nakuahidi: kila jioni nikitoka shule nitapita kona ya kanisani saa ileile yako, na lile tundu sitaliziba.

Mwanao,
Ndeshi