Choya Iliyokaukia Kivulini

Mjukuu wangu Milembe,

Salamu kutoka Nkololo. Pamba imepasuka vizuri na mama yangu hajambo. Mimi, mdogo wa mwisho wa babu yako, ni babu yako kamili, ingawa ndevu ndiyo kwanza zinaota.

Unauliza kama kweli niliwasha taa kwa choya, yale maua mekundu ya juisi, maana wenzako bwenini wanakuita mwongo. Sikuwasha taa. Nilisogeza mshale wa mita ya umeme, na hilo ni kubwa kuliko wanavyodhani.

Mwalimu wangu wa chuo alitaka ninunue rangi ya kiwandani kwa ajili ya seli yangu ya jua, kioo kinacholowekwa rangi ili kigeuze mwanga kuwa umeme. Nilibisha kwamba wekundu wa choya yetu unanasa mwanga vilevile, na nisingethibitisha hilo, nisingehitimu. Mama akanitumia choya aliyoianika juu ya jiwe, juani, kama tuanikavyo michembe ya viazi. Ilikuwa imepauka kwa jua, na mshale haukutikisika.

“Msukuma, umetuletea futari maabara?” wenzangu walicheka.

Nikampigia mama. “Mayu, safari hii anika kivulini.”

“Umeme wa jua, halafu unaificha isione jua? Haya, msomi!”

Ilipofika ilikuwa nyekundu iliyoiva. Nililoweka kioo changu ndani yake, nikakiunga, nikakiweka dirishani. Mshale ukapanda, na mwalimu akauinamia kuusoma.

Nakutumia choya iliyoanikwa kivulini na mkono uleule wa mama. Iloweke mbele yao, waione rangi yake. Watakaoendelea kubisha, waniandikie. Nina hoja za kutosha.

Babu yako,
Masanja