Mkalimani Niliyemfungulia Dirisha Fiche

Mwabungo,
Ukunda, Kwale.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mwanangu mpendwa Mwanaima,

Assalaam alaikum. Shikamoo yako nimekwisha kuipokea kabla hujaitamka, marahaba. U hali gani? Na macho yako je, yale yaliyokuwa yakikuwasha kwa vumbi la huko Maskati? Baba yako aliniambia kwamba umehamia chumba chenye hewa safi zaidi, nami nikafurahi.

Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Goti langu la kushoto linanisumbua ninapoinuka kwenye mswala, lakini natembea. Mvua za vuli zimechelewa, mihogo imedumaa, na kisima cha nyuma ya nyumba kimeanza kutoa maji ya chumvi. Mama yako mdogo wa Tiwi amejifungua salama mtoto wa kike.

Utashangaa kuletewa barua ya mkono wakati simu zipo. Nimempa Issa, jirani yetu, anayesafiri kuja huko Jumatano, naye ameahidi kukukabidhi wewe mwenyewe. Sababu utaielewa ukisoma hadi mwisho. Isome peke yako.

Unakumbuka kwamba mwezi uliopita ulinipigia simu, na baada ya kusalimiana ukaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nilikwambia hakuna. Ukageuza mazungumzo. Sikulitilia maanani. Sasa najua ulikuwa umesoma nini kabla ya kunipigia.

Zainabu wa Msambweni alikuwa aolewe na Chande wa Majoreni katika mwezi wa Rajabu, nami ndiye somo wake. Unajua somo ni nani kwetu. Bibi harusi humwambia yale asiyoweza kumwambia mama yake mzazi, na yakishaingia kwa somo hayatoki. Nimewafunda wasichana kumi na tisa, na siri ya hata mmoja wao haijapata kusikika nje ya chumba changu. Zainabu alinijia na ugonjwa alio nao tangu utotoni. Jina la ugonjwa sitaliandika hapa. Wewe umekwisha kulisoma. Alitaka kujua kama dawa anazomeza zitamdhuru mtoto atakapobeba mimba. Alisema kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza Chande, kwa kinywa chake, lakini si kabla hajapata la kumjibu atakapomwuliza. Akaniomba nimtafutie jibu ndani ya wiki mbili.

Kompyuta uliyoniachia ndiyo ninayosomea. Kwa kuwa wajukuu nao huishika, nilikwenda Ukunda kwa Nzembi, yule mwanamke wa Kikamba mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, nikamwuliza namna ya kusoma bila ya kuacha alama. Akanionyesha dirisha fiche. Ukilifunga, akasema, kivinjari hakibaki na orodha ya kurasa ulizozifungua. Nilirudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyepewa ufunguo wa kabati lake mwenyewe.

Makala nilizozipata zote zilikuwa za Kiingereza. Kiingereza nakijua, lakini cha madaktari kinanichosha, nami nimezoea kile kiendelezi cha kutafsiri, ile programu ndogo uliyoipachika kwenye kivinjari kabla ya kuondoka. Katika dirisha la kawaida kipo. Katika dirisha fiche hakikuwapo. Nikaudhika. Niliingia kwenye orodha ya viendelezi nikatafuta hadi nikaipata swichi ya kukiruhusu katika hali fiche. Chini yake palikuwa na onyo, kwa Kiswahili, kwamba kivinjari hakiwezi kukizuia kiendelezi kisiweke kumbukumbu ya yale unayoyasoma. Nililisoma lote. Nikaona limeandikwa kwa Kiswahili fasaha, nikalisifu moyoni, nikabonyeza swichi. Mimi, Mwanaima, niliyewakata wanafunzi alama kwa miaka thelathini na miwili kwa kosa la kutofuata maagizo.

Kwa siku tisa nilisoma na kutafsiri. Nilikuwa nikilifunga dirisha kila nimalizapo, nikiamini kwamba limesahau.

Siku ya kumi na mbili walifika Msambweni wanawake wawili watu wazima kutoka Majoreni, wakakaribishwa na mamake Zainabu, wakanywa chai, kisha wakauliza juu ya ugonjwa kwa jina lake. Walijua hata jina la dawa. Waliondoka wakisema kwamba tarehe isubiri kwanza.

Kesho yake asubuhi Zainabu alikuja kwangu. Alinisalimu kwa adabu, akakataa kuketi. Ile leso niliyomfunga siku nilipokubali kuwa somo wake alikuwa ameifua na kuikunja, akaiweka juu ya kiti.

“Somo, nilikwambia wewe tu,” akasema.

Nikamwapia kwamba sijamwambia mtu. Alinitazama kama nilivyozoea mimi kumtazama mtoto anayedai kwamba daftari lake limeliwa na mbuzi, akaenda zake.

Nilikwenda moja kwa moja Ukunda. Dukani palikuwa na watu watano au sita, nami sikungoja zamu. Nilimwambia Nzembi mbele yao kwamba amenichungulia, na kwamba watu wa bara wasiojua kuhifadhi siri ya mtu wasije kutufungulia maduka kwetu. Nayaandika maneno hayo kama yalivyotoka ili nisije nikayapunguza baadaye.

Hakunijibu kwa ukali. Alimaliza kumchapia mteja karatasi zake, akanivutia kiti, akasema, “Mwalimu, ukimaliza kunitukana unipe hiyo laptopu.” Mtu mmoja akacheka. Nikampa.

Alifungua orodha ya viendelezi. Vilikuwa saba, na mimi nilivijua viwili tu. Akakigusa kile cha kutafsiri, na pembeni ikatokea picha yako, umevaa ule mtandio wa buluu. Chini ya picha zilikuwapo sentensi zangu zote, arobaini na tatu, kila moja na siku yake na saa yake.

“Dirisha limesahau, Mwalimu. Huyu mkalimani ndiye hajasahau. Nani alimfungulia?”

“Ni mimi.”

“Na hii akaunti ni ya nani?”

“Ni ya binti wa kaka yangu.”

“Basi naye anayaona hivi hivi kwenye simu yake,” akasema, tena kwa sauti ya chini ili wale wengine wasisikie. Sauti ile ya chini, mwanangu, ndiyo iliyoniumiza, maana yangu nilikuwa nimeipaza.

Sikulaumu kwa kuyaona. Yalikujia bila ya kuyatafuta. Lakini ulijua kwamba si yangu, kwa kuwa mimi nina umri wa miaka sitini na tisa na sina mimba ya kuulizia. Ulijua pia mimi ni somo wa nani. Ukamwuliza Chiku, dada yake Chande, unayepika naye huko Maskati kila Ijumaa, kama kaka yake ameambiwa. Chiku mwenyewe amemweleza mama yake hivyo, na mama yake hakuficha. Najua hukukusudia ubaya. Ulimwonea huruma Zainabu, na huruma hiyo ikafika Majoreni kabla ya Zainabu mwenyewe.

Kosa la kwanza ni langu, la pili ni lako. Sitaki tuyachanganye, wala sitaki uniombe radhi mimi.

Kesho yake nilirudi dukani saa ile ile, nikangoja hadi watu wakawa wengi, nikamwomba Nzembi msamaha kwa kumsingizia. Alinisikiliza akiwa ameegemea meza.

“Haya, Mwalimu, yameisha. Ila lile la watu wa bara umelisahau.”

Nikaliomba msamaha nalo. Kisha akaniketisha tukavipitia viendelezi vyote kimoja kimoja. Tuliviondoa vitano nisivyojua kazi yake. Viwili vimebaki, cha saa za sala na hicho cha kutafsiri, na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa katika dirisha fiche. Swichi zile nimezikagua mwenyewe mara tatu. Lakini kwa haraka yangu nilimwambia Nzembi aitoe akaunti yako kwanza, na baada ya akaunti kutoka ndipo tulipokumbuka kwamba orodha hatujaifuta. Nenosiri ni lako. Kwa hiyo sentensi zile arobaini na tatu bado zipo, na zipo kwako.

Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Ukimaliza kusoma, fungua akaunti yako uzifute zote, si zile za Zainabu tu, na uzime kabisa uwekaji wa kumbukumbu. Kisha uangalie ni nani mwingine anayeishika simu yako. Usinipigie simu kuniambia kwamba umefanya. Nitakuamini.

Zainabu nilimfuata kwao Msambweni. Nilimweleza yote, pamoja na swichi na lile onyo. Nilidhani atalia au atanifukuza. Alikuwa akipepeta mchele, akaendelea kupepeta.

“Somo, mimi nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumwambia Chande. Nilikuwa nayasema peke yangu nikienda kuteka maji. Sasa watu wameyasema kabla yangu.”

Niliketi kando yake nikamsaidia kuuchambua ule mchele hadi ukaisha.

Siku mbili baadaye Chande alikwenda Msambweni peke yake, akakaa na Zainabu barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri, mamake Zainabu akiwa mlangoni. Waliyosema siyajui. Mama yake Chande bado hajakubali, na tarehe mpya haijawekwa. Wako wanaosema kwamba posa itarudishwa. Nalala na hilo na kuamka nalo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Zainabu alinijia tena. Alikuwa na ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, yenye Kiingereza cha herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Alinipa akasema, “Nifasirie wewe.”

Kompyuta ilikuwa pale pale mezani, imefungwa. Nikatoa kamusi yangu kuukuu, tukakaa kuanzia baada ya adhuhuri hadi karibu na alasiri, neno kwa neno, yeye akiandika. Maneno matatu yalinishinda. Nilimwambia aache nafasi tupu, nafasi hizo atakwenda kuzijaza kwa daktari. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alipoondoka leso aliiacha. Ingali juu ya kiti, nami siiondoi.

Jumanne iliyopita niliongozana naye kliniki, na Chande alitukuta langoni. Walipoitwa niliinuka nao, kama somo anavyopaswa. Zainabu akanishika mkono, akaniomba kwa upole nisubiri kwenye benchi. Nikasubiri. Walikaa ndani muda mrefu. Walipotoka sikuuliza, na hawakunieleza, tukarudi tukizungumza habari za mvua.

Kwa hiyo Chiku akikuuliza daktari alisema nini, mjibu kwamba hujui, na kwamba hata mimi sijui. Na hilo litakuwa ni neno la kweli.

Baba yako Abdulaziz anakusalimu, na kaka yako Jaafar na mkewe, na mama yako mdogo na mtoto wake. Chiku nisalimie pia; sina kinyongo naye. Mwenyezi Mungu ayalinde macho yako na ulimi wako, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Akupendaye hata anapokukaripia,

Shangazi yako,
Twaiba.