Gobore la Babu, Jinsia Dume

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule! Dada Winnie ameniweka kwenye kompyuta ya stationery yake hapa Bariadi. Niandike tu, nisiongee na watu. Afadhali.

Mara akaingia babu yangu, Bujiku, na Mzee Masele wa Kasoli. Wabadilishane: babu atoe gobore, apewe mtamba wa ng'ombe wa Mzee Masele. Macho yake yamechoka — shabaha yake ya mwisho ilikuwa tangi la maji la jirani. Wanataka hati.

Dada Winnie yuko benki. Hati iliyopo kwenye kompyuta ni ya kuuziana ng'ombe. Niliona haya kusema siwezi. Nikafuta "ng'ombe", nikaandika "gobore". Rangi: nyeusi. Jinsia? Mzee Masele aliwaza sana. Weka dume, halijawahi kuzaa. Pembe: hana. Shahidi: mimi! Watakabidhiana Alhamisi.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Polisi wa kata kaleta tangazo, anataka kopi hamsini. Silaha haiuzwi wala haibadilishwi bila kibali cha polisi. Anayepokea awe na leseni kwanza. Atakayekiuka, jela! Babu ana leseni. Mzee Masele ana kadi ya ushirika wa pamba tu.

Afande akauliza mbona natetemeka, nina malaria? Nikasema ndiyo.

Jumatano, 11 Juni

Nimeweka tangazo chini ya kikombe cha babu. Kafutia meza. Nimeweka jingine ndani ya kofia yake. Kalalamika kofia inambana.

Jioni nikamwita babu kwa Kisukuma, kwa kelele, mbele ya watu wote: "Guku, mtafungwa! Na mimi!"

Halafu babu akauliza kama mtamba naye atafungwa. Akasema basi, kesho tuanzie polisi. Sisi siyo wezi.

Alhamisi, 12 Juni

Kituoni, kwenye benchi. Gobore liko nyumbani. Mtamba yuko nje, anakula maua ya kituo. Afande ni yule yule! Kaniuliza malaria. Kasema kama hakuna aliyekabidhi, hakuna kosa: Mzee Masele akaombe leseni kwanza. Nikapumua.

Babu sasa, kwa majivuno: "Afande, tunayo na maandishi. Kaandika mjukuu wangu, msomi."

Anasoma. Amefika kwenye jinsia. Kacheka, karudia. Sasa hacheki. Anauliza mbona hapa pameandikwa "amekabidhiwa leo, akiwa mzima, na kamba yake"?

Sikufuta mstari ule wa hati ya ng'ombe!

Shahidi ni nani, anauliza. Wazee wote wawili wananitazama. Nasimama. Sauti ya jana iko wapi —