Erupe Anachota Maji ya Dahlia Zako

Baba Ewoi,

Ejok, hujambo? Usinijibu, sikiliza tu. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la tatu. Nikikosea, ujue ni hasira.

Dahlia zako zimetoa maua. Ndiyo, zile ulizobeba kwa gunia kutoka Kitale, mimi nikafikiri ni viazi vitamu, nikaweka sufuria motoni. Ulipiga kelele kama nimepika mtoto. "Wewe mwanamke, hicho si chakula!" Nilikucheka, hiyo nakubali. Mzee mzima na gunia lisiloliwa! Lakini mimi nilikucheka ndani ya nyumba. Ndugu yako Erupe alikucheka barabarani. "Mbuzi hana, anachunga maua."

Sasa nikuambie alichofanya, maana wewe ulikuwa tayari ndani ya sanduku. Asubuhi ya mazishi yako, sisi tukielekea kaburini, alifungua uzio wa bustani akaingiza mbuzi wake. Jirani walimsikia: "Mwenye maua amekufa, wacha mbuzi washibe." Kisha akaja kusimama na sisi, kofia kifuani. Nilirudi na mchanga wa kaburi mikononi nikakuta vijiti. Ile nyekundu kubwa, uliyokuwa unaizibia upepo kwa shati lako, ilikuwa mdomoni mwa beberu.

Nilinyamaza. Watu wakasema Mama Ewoi amesamehe. Wajinga. Mbuzi anakula ya juu, ya chini hayajui. Nilichimba viazi vyako, nikavipangusa udongo, nikavifukia kwa mchanga mkavu ndani ya karai, chini ya kitanda chetu, kama ulivyonionyesha. Nikangoja.

Akiru, binti wa Erupe, akachumbiwa hapa hapa Kakuma. Akasema maua ya plastiki hataki, anataka dahlia za baba mkubwa. Basi Erupe akaja mwenyewe. "Shemeji, ejok." Sauti laini! Nikamwambia viazi ninavyo, maji sina. "Utachota wewe, kule mtoni kwenye visima vya mchanga. Si punda, si mke wako. Wewe. Na utabeba kichwani kama sisi."

Ungeona uso. "Mama Ewoi, mwanaume hachoti maji."

Nikamwambia mwanaume pia halishi mbuzi maua ya maiti.

Alikaa siku mbili bila kurudi. Akiru akalia, akakataa kula kwake. Siku ya tatu alikuja alfajiri asionekane. Nikafunga mlango mpaka jua litoke vizuri. Ndipo nikampa ngata ya kuweka kichwani chini ya jerikeni, nimeikunja kwa leso yangu kuukuu, ile ya manjano, ionekane mbali. Kule kisimani wanawake walimpisha: "Karibu, mama! Watoto hawajambo?" Nilisikia kicheko chao nikiwa mlangoni kwangu. Chai ilikuwa tamu siku hiyo.

Jerikeni la kwanza alitaka kulimwaga lote. Nikamkaripia: kikombe kimoja! Kiazi ambacho hakijachipua ukikilowesha kinaoza. Akasema, "Kikombe kimoja? Nimebeba lote hili?" Nikamwambia maji yaliyobaki amwagie mwarobaini, kivuli chake ndicho kinachozuia jua la mchana. Na kesho alete lingine.

Zilipofika majani manne manne nikampa kisu akate kichwa. Alisita. Nikamwambia maneno yako: "Isipokatwa kichwa inarefuka bure, haizai." Nilikuwa namtazama yeye, sikuwa natazama dahlia.

Miezi mitatu, Baba Ewoi. Nywele za katikati zimemwisha. Juzi ile nyekundu ilifunguka, kubwa kama sahani. Akaketi chini akalia. "Shemeji, nilimkosea ndugu yangu." Nikamwambia machozi yana chumvi, asiyamwage karibu na mizizi. Usinilaumu. Wewe ulikuwa mpole, ndiyo maana walikukanyaga. Mimi sikuolewa niwe mpole.

Harusi ni Jumamosi. Akiru hana kosa, atapata za njano zote na nyeupe. Lakini ile nyekundu sikumpa bibi harusi. Nilimtwika Erupe, kwenye kopo la maji, juu ya ile ngata ya manjano, nikamfuata nyuma, tukapita katikati ya soko mchana watu wakitazama, mpaka kwako. Yeye ndiye aliyeiweka hapo kifuani mwako. Usimshukuru.

Nilitaka kukuambia kitu kingine pale kaburini, nikashindwa kwa sababu yeye alikuwepo. Ni hivi. Ile siku ya gunia, nilipaswa kukusaidia kupanda. Nilikaa tu nikikutazama umepiga magoti, na… basi. Nimepiga magoti sasa.

Lala, mzee wangu. Maua yakinyauka nitachimba tena, nitagawanya. Kiazi kimoja kimezaa vinne, na Erupe nimeshamwambia bustani inapanuliwa. Ngata ipo kwenye msumari karibu na mlango, anaichukua mwenyewe siku hizi. Nakuahidi haitakauka kichwani mwake maadamu napumua. Na nikikufuata kabla yake, nimemwachia Akiru kisu, karai na ufunguo wa mlango. Anajua usifunguliwe mpaka jua litoke.

Mama Ewoi